Sufuria inang'aa kama kioo, lakini uji wa mtoto je?

Ukilala kwa mama yangu Ijumaa, Jumamosi hutaamshwa na jogoo. Utaamshwa na stiliwaya. Kwaru, kwaru, kwaru, huko uani, mama ameketi kwenye kigoda, kanga ameifunga kifuani, sufuria ameibana katikati ya magoti. Akimaliza moja anaiinua juani, anaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi, kisha anaifudikiza kwenye kichanja. Ikifika saa tatu kichanja kizima kinawaka, huwezi kukitazama bila kukunja uso.

Kwa wanawake wa rika lake sufuria ni cheti. Tulipokuwa wadogo, mimi na dada zangu tulirudishwa uani hata mara tatu kwa sufuria moja, tena si kwa sababu ilikuwa na ukoko au mafuta, bali kwa sababu kitako chake kilikuwa na kivuli cha masizi. "Mawifi zenu hawataonja mchuzi kabla hawajageuza sufuria," alikuwa akituambia. Siku ya kicheni pati yangu nilipewa seti ya sufuria saba na mifuniko yake, na katikati ya vigelegele mama aliinama akaninong'oneza sikioni nisije nikaziacha zikafa rangi.

Nimezitunza. Nimezisugua kwa mchanga laini, kwa majivu, kwa stiliwaya, kwa ganda la ndimu. Hadi miezi michache iliyopita sikuwahi kujiuliza kile ninachokisugua kinakwenda wapi.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Siku za kazi anashinda kwa bibi yake, na bibi humpikia uji wa lishe kila asubuhi katika sufuria moja tu, nzito, ya kusubu, aliyoinunua kwa mtembezaji miaka kadhaa iliyopita. Anaipenda kwa sababu unene wake hauunguzi uji. Uji ukianza kuchemka anakamulia ndimu, au anatia maji ya ukwaju, vichemke pamoja, maana mtoto akikosa ule uchachu anatema. Baadaye sufuria inasuguliwa mpaka maji yanakuwa ya kijivu, na kesho yake inarudi jikoni.

Sufuria iliyotokana na vyuma chakavu, tindikali ya ndimu, moto wa taratibu wa muda mrefu, kusuguliwa kila siku, na mlaji wa kilo kumi. Mimi ninayeandika habari za afya nilipita karibu na jiko lile kwa miezi kumi bila kuona chochote. Nilichokuwa naona ni jinsi sufuria ilivyokuwa safi.

Mng'ao ule ni nini hasa

Alumini ni metali inayoshikana na hewa haraka mno. Ukiikwangua, papo hapo oksijeni inakutana na uso wake mpya na kutengeneza utando mwembamba sana, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ngozi ya sufuria. Chuma kikipata kutu, kutu hubanduka na kuendelea kukila hadi ndani. Alumini ni tofauti: "kutu" yake huganda juu na kuizuia isiliwe zaidi. Ndiyo maana sufuria ya alumini inachemsha maji miaka na miaka bila kutoboka.

Sufuria ikitumika, hasa kwa kuchemshia maji, utando huo unanenepa na kubadilika rangi. Unakuwa wa kijivu, mara nyingine mweusi kabisa pale maji yanapofikia. Sisi tunauita uchafu, na tunaushambulia. Ukweli ni kwamba weusi ule wa ndani, kama chombo kimeoshwa kwa sabuni na hakina mabaki ya chakula, hauna madhara. Ni sufuria imevaa koti.

Huko Marekani kuna trela ndogo za kulala kambini zinazovutwa na gari, na maarufu kuliko zote ni zile za Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam miaka ya 1930. Ganda lake la nje ni la alumini. Wenye nazo, hasa zile za zamani, hukesha wakizing'arisha kwa mashine na dawa maalumu mpaka mtu anaweza kunyoa ndevu akijitazama ubavuni mwa trela, kisha hupaka nta au rangi isiyoonekana ili hewa isiurudishie ukungu. Wanajua pia kwamba kitambaa cha kung'arishia kinatoka cheusi si kwa sababu trela ilikuwa chafu. Weusi ule ni alumini yenyewe, imekwanguliwa. Nikamwonyesha mama picha kwenye simu, akaniuliza hao watu wanatumia stiliwaya namba ngapi. Tofauti ni moja tu: hakuna anayechemshia mtoto uji ubavuni mwa trela.

Maji ya kijivu yanayotiririka tunaposugua sufuria nayo ni vilevile. Tunafurahi tukiyaona, tunadhani uchafu uliokuwa umejificha sasa umetoka. Sehemu kubwa ni sufuria inayeyuka kidogo kidogo mikononi mwetu. Ukitaka uthibitisho, chukua sufuria ya miaka kumi ya mtu mwenye mkono kama wa mama yangu uilinganishe na mpya ya ukubwa uleule. Ile ya zamani ni nyepesi, na kitako chake kimekuwa laini kama bati la mkate.

Ndimu, nyanya na magadi

Ngozi hiyo ya sufuria ina maadui wawili wakubwa, na wote wawili wako jikoni. Wa kwanza ni uchachu: ndimu, ukwaju, siki, nyanya, maziwa ya mgando. Wa pili ni magadi na ndugu zake, yaani majivu na sabuni kali za unga. Chumvi nayo, ikiachwa ikae, hutoboa vidoti vidogo.

Wanaopika maharage au mlenda kwa magadi wanajua jinsi sufuria inavyogeuka nyeusi. Na wanaosugua kwa majivu wanajua jinsi yanavyotakatisha haraka, lakini wengi wetu tunadhani ni kwa sababu ya ukwaru wake tu. Maji ya majivu yana nguvu ya magadi, yanaila ngozi ya alumini huku wewe ukisugua.

Kuna jambo jingine ambalo nina hakika wengi mmeliona. Unapika mchuzi wa nyanya nyingi katika sufuria iliyopauka, unaumimina kwenye bakuli, na ndani ya sufuria pamekuwa peupe kama mpya. Unafurahi, leo kazi imepungua. Weusi ule haukupotea hewani. Uko kwenye bakuli.

Je, alumini inaua? Nisiwatishe bure, maana kwenye makundi ya WhatsApp kuna ujumbe unaozunguka kila baada ya miezi michache kwamba kila mwenye sufuria ya alumini anajipikia saratani. Alumini iko kwenye udongo, kwenye majani ya chai, kwenye vyakula vingi tunavyokula kila siku. Sehemu ndogo sana ya tunayoimeza, chini ya asilimia 1, ndiyo inayofyonzwa mwilini. Nyingine inapita na kutoka kwa njia ya choo, na ile iliyoingia kwenye damu hutolewa na figo. Mwaka 2011 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na FAO iliweka kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni miligramu 20 kwa wiki nzima.

Anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi ni mgonjwa wa figo. Katika miaka ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine, kwa maji yenye alumini nyingi, walipata maradhi mabaya ya ubongo, na ndiyo maana leo maji ya mashine hizo huchujwa kwa uangalifu mkubwa. Kuhusu ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, wanasayansi wamelivuta jambo hilo kwa miongo mingi na hakuna aliyethibitisha kwamba sufuria ndiyo chanzo.

Kwa hiyo kama tatizo lingekuwa alumini peke yake, nisingeandika makala hii. Ningemwambia mama apunguze ndimu, basi.

Kinachojificha ndani ya sufuria nzito

Sufuria zetu ni za aina mbili. Kuna za bati, zinazotengenezwa kiwandani kwa karatasi ya alumini iliyokandamizwa ikapewa umbo. Ni nyepesi, unene wake ni sawa kila mahali. Halafu kuna za kusubu, ambazo fundi huyeyusha vyuma chakavu kwenye kalibu na kumimina kwenye umbo la mchanga. Ni nzito, ukuta wake ni mnene, mara nyingi ndani pana vitundu vidogo na mikwaruzo ya tupa, na ukiigonga inatoa sauti nzito ya kufumba badala ya mlio wa bati.

Nilikwenda kumtazama fundi mmoja akifanya kazi. Nyuma ya banda lake palikuwa na rundo la vipande vya injini, fremu za madirisha, makopo ya soda, rejeta za magari, mapande ya vitu ambavyo hata yeye hakukumbuka vilikuwa nini. Vyote vinaingia kwenye chungu kimoja. Alinieleza kwa fahari, na ana haki ya kuona fahari, kwamba hakuna kinachotupwa. Alikuwa amesimama juu ya moshi ule kwa mikono mitupu, pua wazi, na kijana wake wa miaka kama kumi na miwili akimpepelea moto. Sikuja hapa kumshitaki fundi. Hajui kilichomo kwenye rejeta, kama ambavyo mama hakujua kilichomo kwenye sufuria.

Kilichomo, mara nyingi, ni risasi. Si risasi ya bunduki tu. Ni madini yale ya kijivu mazito yaliyotumika kwenye betri za magari, kulehemia rejeta na vifaa vya umeme. Yakiingia kwenye chungu cha kuyeyushia yanachanganyika na alumini na hayatoki tena.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ashland cha Marekani na wenzao wa shirika la Occupational Knowledge International walichapisha matokeo ya vipimo vya sufuria 29 zilizotengenezwa Cameroon, na karibu zote zilikuwa na risasi. Mwaka 2017 wakapanua kazi: vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walifanya kitu ambacho kila mpika mchuzi angekielewa. Walitia ndani ya sufuria maji yenye uchachu wa siki nyepesi, wakayachemsha kwa saa 2, kisha wakapima kilichotoka. Vyombo 15 kati ya 42 vilitoa risasi ya zaidi ya mikrogramu 1 kwa mlo mmoja. Baadhi vilitoa pia kadimiamu na aseniki. Na alumini yenyewe ilitoka kwa wastani wa miligramu 125 kwa mlo. Rudi juu uangalie kikomo cha wiki nzima cha mtoto wa kilo 10.

Wapo watakaosema hizo ni habari za maabara. Katika jimbo la Washington huko Marekani, maofisa wa afya wa King County walipofuatilia ni kwa nini watoto wa familia zilizohamia kutoka Afghanistan walikuwa na risasi nyingi kwenye damu, moja ya njia iliwapeleka jikoni, kwenye sufuria na vyungu vya mvuke vya alumini. Mwaka 2024 jimbo hilo likapitisha sheria ya kudhibiti risasi kwenye vyombo vya kupikia.

Sasa kwa nini tunahangaika na mikrogramu, kitu ambacho hata hakionekani? Kwa sababu kwa risasi hakuna kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ni salama. Mwili wa mtoto unaifananisha na kalsiamu, unaikaribisha na kuihifadhi kwenye mifupa. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka katika kiasi kilekile walichokula. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma, na hao tunao wengi, hufyonza zaidi. Mama mjamzito aliyekula risasi utotoni anaweza kumpitishia mtoto tumboni, kwa kuwa mifupa yake inafunguliwa ili kumpa mtoto kalsiamu.

Kinachoharibika kwanza ni ubongo unaokua. Hutaona mtoto akianguka. Utaona, miaka baadaye, mtoto mzito wa kushika masomo, asiyetulia, mwenye hasira za haraka, na utasema ni mtundu au amerithi kwa baba yake. Dalili za mapema ni za kawaida mno: kukosa hamu ya kula, tumbo kuuma, choo kigumu, upungufu wa damu. Wengi hawaonyeshi chochote. Ripoti ya UNICEF na Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi kwenye damu ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita.

Sindano na wiki za kusubiri

Nilimpeleka mwanangu kupimwa. Si kila hospitali inapima risasi, na ya kwanza hawakuwa na kipimo hicho. Ya pili walichukua damu wakaisafirisha, na majibu yakachukua zaidi ya wiki mbili. Sikumwambia mama. Wiki zile mbili nilimpikia mtoto mwenyewe usiku, nikaweka uji kwenye chupa ya chai, nikamwambia mama nimebadilisha unga na huu mpya unahitaji mkono wangu. Uongo mbaya kabisa. Alinitazama tu.

Jibu lilikuwa 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema ikifika 5 chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Kwa hiyo tulikuwa chini ya mstari, lakini hatukuwa kwenye sifuri, na daktari hakunipongeza. Aliniuliza kuhusu rangi inayobanduka ukutani, kuhusu udongo anaochezea mtoto, kuhusu betri chakavu na vipodozi, kisha akauliza tunapikia nini. Hakuna anayeweza kuniapia kwamba 4 ile ilitoka kwenye sufuria ya bibi. Daktari alisema tuondoe tunachoweza kuondoa, mtoto ale vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, dagaa, maharage, mboga za majani, maziwa, na turudi baada ya miezi mitatu.

Kwa wazazi mnaosoma hapa, sitawaambia mtupe sufuria zote. Si kila mtu anaweza kununua za chuma kisichoshika kutu, maarufu kama stenlesi, ingawa ukipata hela ya kununua moja tu, iwe ya mtoto. Kama hela haipo, anza kwa kutenganisha. Sufuria ya kusubu, ile nzito usiyojua ilikotoka, iondoke kwenye chakula. Haisaidii kuichemsha mara nyingi, kuisugua wala kuiacha na ndimu usiku kucha. Risasi haiko juu tu, imo katika unene wote, na kila ukisugua unafungua ukurasa mpya wenye risasi ileile. Hapa ndipo desturi yetu ya kung'arisha inapotugeuka: sufuria mbaya inayosuguliwa kila siku ni mbaya zaidi kuliko ileile iliyoachwa ikapauka. Ukinunua nyingine, nunua ya kiwandani, dukani, yenye jina la mtengenezaji, na utazame nembo ya TBS.

Ukishapata ya bati iliyo mpya, ioshe kwa sabuni, ichemshie maji matupu mara mbili tatu uyamwage, ngozi yake ikomae kabla hujaipikia. Ndani yake tumia dodoki au kitambaa na sabuni ya kawaida. Ukoko ukigoma, tia maji, injika, yachemke dakika kumi, kisha kwangua kwa mwiko wa mti. Kijiko cha bati na sufuria ya alumini havipatani. Ikipauka ndani, iache. Kama huwezi kabisa kuvumilia (namjua mmoja), chemsha maji na vipande vya ndimu mpaka weusi uachie, na maji yale uyamwage, usiyafanyie kitu kingine.

Ndimu na ukwaju wa uji viingie mwishoni, uji ukishaepuliwa na kumiminwa kwenye bakuli la udongo au la plastiki gumu la chakula. Ladha inabaki vilevile, pengine hata bora. Mchuzi wa nyanya ukiiva uhamishe, usilale kwenye sufuria mpaka kesho. Maziwa ya mgando yasigandishwe humo. Stiliwaya iliyochakaa itupwe kabla haijaanza kumeguka nywele, maana nywele zile nimezikuta kwenye wali mara mbili na sitaki kufikiria koo la mtoto.

Nje ya sufuria ni suala jingine, hapo hapali mtu. Anayepikia kuni apake sabuni ya mche au udongo mwembamba kwenye kitako kabla hajainjika, masizi yatatoka kwa maji tu. Na kitako kilichoingia weusi mwembamba hupokea joto la makaa vizuri kuliko kinachong'aa kama kioo, kwa hiyo mng'ao ule wa nje mnaulipia kwenye gunia la mkaa. Wanaotumia koostiki soda kung'arisha naomba waache leo. Inaila alumini huku ikitoa povu na mvuke, na mtoto akiibugia inachoma koo lote.

Siku niliyomwambia mama

Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mahojiano. Nilianza na figo, nikaja kwenye risasi, nikaonyesha karatasi ya majibu. Mama alisikiliza akichambua mchele. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nampa?"

Sikuwa nimeliandaa jibu la hilo. Nilimwambia hatujui, mama. Nilimwambia nami nilikuwa nikiiona ile sufuria kila siku. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mimi na dada zangu tulilelewa kwa sufuria nyingine kama hiyo, na mimi nimefika chuo kikuu. Nikasema ndiyo, mama. Akasema lakini yule mdogo wenu wa mwisho alikuwa mzito wa masomo. Hatukuendelea na mazungumzo hayo, na sijui kama ningetaka tuendelee.

Kilichofuata ni mjadala wa sufuria iende wapi. Alitaka kumpa jirani. Nikakataa, jirani ana wajukuu wawili. Akasema basi auze kwa wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo, nikamwambia itarudi kwenye kalibu na kumfikia mtoto wa mwingine. Akasema itakuwa ya kuwekea maji na pumba za kuku. Hapo nikasita kidogo, halafu nikakumbuka kwamba risasi anayokula kuku inafika kwenye mayai, na mayai anakula nani? Mama akaniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa tangu darasa la sita.

Mwishowe aliitoboa kitako kwa msumari, akajaza udongo, akapanda waridi. Iko pembeni mwa mlango wa mbele. Uji sasa unapikwa kwenye sufuria ndogo ya stenlesi niliyoinunua mwisho wa mwezi, ukwaju unaingia kwenye bakuli, na mtoto hajalalamika. Kipimo cha pili ni mwezi ujao.

Jumamosi iliyopita nililala kule tena. Saa moja asubuhi nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, lakini sauti ilitokea upande wa mbele. Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya waridi lake, anaisugua sufuria kwa nje.